Mbeleko, Nta na Vidole vya Mzee Luhende

Mmekuja watatu, mmekaa, mmekunywa chai yangu na maandazi mmeyamaliza, na swali lenu ni moja tu: mbeleko ilitoka wapi. Ningefurahi kama mngeniuliza kwanza namna ya kutunza karata zisivimbe mvua zikianza, maana hilo ndilo litakalowalisha huko mashuleni mnakofanyia mazingaombwe. Lakini vijana mna haraka ya kujua asili ya mambo kabla hamjayajua mambo yenyewe. Haya, nitajibu. Jibu ni refu, na mwenye basi la kuwahi aondoke sasa.

Wewe mwenye daftari, anza kwa kueleza mbeleko ni nini, ili hata asiye wa kazi yetu aelewe. Jozi ya karata imelala kifudifudi kwenye kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia unainua karata ya juu na kuwaonyesha watu: bibi wa kopa. Wote wamemwona. Unairudisha palepale, unaisukuma kwa dole gumba, unampa mtu aishike. Anaishika kwa nguvu zote kama ameshika mguu wa kuku. Ukimwambia afunue anakuta garasa, tuseme tatu ya pau, na bibi wa kopa yuko juu ya jozi, hajaondoka. Siri ni kwamba ulipoinua hukuinua moja. Uliinua mbili zilizolaliana zikaonekana moja. Bibi alikuwa amembeba garasa mgongoni, watu wakaona uso wa bibi tu, na uliporudisha, garasa ndiye aliyekuwa juu. Ndiyo maana tukaiita mbeleko.

Hiyo tu. Mtaijua kwa dakika tano na mtaihangaikia miaka mitano.

Nawaambia mapema, msije mkasema mzee ametuzungusha: kwa sababu ya mbeleko hiyo nilimharibia kazi mtu aliyenifundisha. Vidole vyake sikuvigusa. Niligusa karata zake. Na mtu huyo hakuwa na kazi nyingine duniani.

Sasa asili. Kila aliyeijua mbeleko alikuwa na mahali pa kuitoa. Hapa Tabora mjini kulikuwa na Mhindi mmoja mwenye duka la nguo, akiinua karata mbili kwa ncha za vidole kama anapima ulaini wa hariri. Yeye alisema babu yake aliileta kutoka Gujarati pamoja na mizani. Askari mmoja aliyerudi kutoka vita vya Burma akasema aliipata melini kwa baharia wa Kizungu, akampa buti kama ada ya kufundishwa. Shabani, tuliyemwita Koti kwa sababu hakulivua koti lake hata jua la saa saba, alikuwa mtu wa Ujiji, na kwake kila kitu kizuri kilitoka Ujiji. Alisema mbeleko ilipita njia hii hii na misafara ya pembe, wapagazi wakiichezea kambini walipopumzika. Nilimwambia wapagazi wale walikuwa babu zetu sisi Wanyamwezi, na kama wangekuwa na ujanja kama ule wasingebeba pembe begani miezi mitatu mpaka pwani. Akasema ujanja huo ndio sababu walirudi wazima. Na Koti hukuweza kumshinda kwa maneno.

Mzee Luhende, mwalimu wangu, nilipomuuliza ilitoka wapi, alinitazama kama nimemuuliza ugali ulitoka wapi. "Imetoka mkononi," akasema. "Inua tena."

Luhende alikuwa mtu wa misituni kusini mwa Tabora, mrina asali kwa kuzaliwa. Alikuwa na mizinga mingi kabla ya kushika karata, na harufu ya asali haikumtoka hata alipokuwa mtu wa minadani. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kofia ya pama iliyochakaa. Mimi nilikuwa mchukuzi stesheni, nina miaka ishirini na minne, nina mke, na shingo imeanza kukakamaa. Nilimwona akifanya mbeleko karibu na njia ya reli, mbele ya abiria wa Kigoma. Nikasimama na sanduku la mtu kichwani mpaka mwenye sanduku akanitukana. Wiki ileile niliacha uchukuzi. Siku ya tatu mke wangu Kalunde akasema, "Angalau karata si nzito."

Kazi yetu ilikuwa njia. Kutoka Tabora tulidandia lori hadi Nzega, kutoka Nzega hadi Ziba, kutoka Ziba hadi Igunga, tukifuata minada ya ng'ombe na masoko ya pamba. Mahali penye mtu aliyeuza ng'ombe, pana mtu anayetaka kushangazwa kidogo kabla ya kurudi nyumbani. Tulijua siku ya kila mnada kuliko karani wa bwana shauri wa wilaya.

Niandikie na haya, usidharau. Mvua zikianza, weka jozi kwenye kopo la bati pamoja na kipande cha mkaa mkavu, mkaa utakunywa unyevu. Kiangazi, karata hukauka na kupinda kama vigae, basi ilaze jozi chini ya godoro, wewe ulale juu. Zikianza kung'ang'aniana, zipake unga wa muhogo kidogo sana halafu ukung'ute. Si unga wa mahindi, huo huacha chenga. Na simama hivi kwamba jua liwapige watazamaji usoni, lisipige ubavu wa karata zako, kwa sababu karata mbili zina kivuli kinene kuliko moja. Hilo la kivuli alinigundulia mchungaji mmoja wa ng'ombe Igunga, mtu asiyejua kusoma, akasema mbele ya wote, "Bwana, karata yako hiyo imeshiba."

Aina za mbeleko ni nne. Watu watawaambia tatu.

Ya kwanza ni ya kidole kidogo. Kabla hujainua, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimeshatenga mbili za juu na kushika upenyo mwembamba chini yake. Hii ndiyo ngumu, kwa sababu kazi yote ni ya kusikia. Ncha ya kidole ndiyo inayohesabu: ukingo mmoja, kingo mbili, basi. Ukisikia vibaya umeumbuka. Mara yangu ya kwanza mbele ya watu, mnadani Igunga, kidole kilihesabu vibaya nikainua tatu, nikatangaza kwa sauti kubwa, "Bibi wa kopa!" Mama mmoja muuza mtama akasema polepole, "Bibi wa wapi huyo mwenye ndevu?" Nilikuwa nimeshika mfalme wa pau. Luhende hakucheka, lakini kofia aliishusha usoni.

Ya pili ni ya dole gumba, ndiyo ya Koti na watu wa Ujiji. Hawatengi kitu mapema. Wanapiga kona ya jozi kwa dole gumba palepale, karata zinaruka mbili, zinainuka. Ni ya haraka na ina mbwembwe, lakini inataka mdomo usiofunga ili watu wasitazame kona. Koti mdomo alikuwa nao.

Ya tatu ni ya nta. Unachukua nta ya nyuki, punje ndogo kama ufuta, unaibandika katikati ya mgongo wa bibi, unamkandamizia garasa juu yake. Hapo hakuna kusikia wala kuhesabu. Ukiinua zinainuka pamoja, hata ukiwa usingizini. Ukitaka kuziachanisha unasukuma ya juu kwa ubavu, nta inaachia. Luhende alifanya hii. Miaka ya mwanzo alinifundisha ya kidole kidogo, na alikuwa bingwa wake. Kisha taratibu akaiacha, akawa mtu wa nta tu.

Mimi nta niliidharau. Nilikuwa nimeumia vidole kuijua ile ngumu, na mtu aliyejitesa huwa na kiburi cha kipumbavu. Nilimwambia kwamba nta ni uvivu. Nilimwambia pia nta ya Tabora haifai jua la Igunga, na hilo lilikuwa kweli. Mbuga ile saa nane mchana inaivisha kila kitu. Mara moja pale Nzega nta ililainika ikavuja, akainua bibi, akaja na garasa, na garasa mwingine nyuma, mama, mtoto na mjukuu. Aliokoka kwa kujifanya anapiga chafya.

"Rudi kwenye kidole kidogo, mzee," nikamwambia.

"Nta inanitosha," akasema.

Jambo jingine, na hili nalieleza hapa kwa sababu wakati ule sikulielewa. Luhende alifungua kila onyesho kwa kaa la moto. Alikwenda kwa muuza mahindi ya kuchoma, akachukua kaa jekundu kwa vidole viwili, akatembea nalo polepole, akamwashia mzee mmoja kiko chake. Nilimsihi miaka miwili anifundishe siri ya lile kaa. Nilijaribu mwenyewe kwa majivu, kwa mate, kwa utomvu wa mkonge, nikapata malengelenge ambayo Kalunde aliyapaka asali huku akinisema. Luhende alijibu neno moja kila nilipomuuliza: "Bado." Nikaamini ananibania.

Sasa Koti akaja kwenye njia yetu. Si kosa, njia haikuwa ya baba yetu. Lakini watazamaji wawe mia na wafanya mazingaombwe wawe wawili, wote wawili wanalala na njaa. Ikabidi yaamuliwe, na sisi tuliamua kama watu wa ngoma wanavyoamua. Mnajua wacheza ngoma wa huku wanavyoshindana: makundi mawili uwanja mmoja, yanaanza wakati mmoja, kila moja na ngoma zake, na watu wanakwenda wanakotaka. Hakuna hakimu. Miguu ya watu ndiyo inayoamua. Anayebakiwa na ardhi tupu mbele yake ameshindwa, anafunga vyake na kuondoka. Koti na Luhende wakakubaliana: mnada mkubwa wa Ziba, alasiri, uwanja mmoja. Atakayeshindwa aache njia kati ya Nzega na Igunga.

Koti alikuwa kijana, alikuwa na Ujiji, alikuwa na Kigoma, angeweza kwenda popote. Luhende alikuwa na njia ile tu. Mizinga alikuwa amewaachia ndugu zake zamani. Sikulala vizuri wiki nzima, na kilichonikosesha usingizi ni nta.

Sikilizeni nilichofanya. Nilikwenda duka lilelile alikonunua karata zake, nikanunua jozi kama ileile, mgongo mwekundu wenye maua. Nikaichakaza siku tatu ili ifanane na yake. Nikaipanga vilevile. Siku ya Ziba, alipokuwa anakula, nikatoa jozi ya nta kwenye mfuko wa shati lake lililotundikwa na kuweka yangu, kavu, safi, isiyo na nta hata chembe. Nilijua kidole chake kidogo kilikuwa bora kuliko changu, kwa sababu chenyewe ndicho kilichonifundisha. Nilisema moyoni, akiinua atasikia hakuna nta, atarudi kwenye mkono wake wa zamani, na atashinda kiume. Nilijiona nimemfanyia wema mkubwa. Nilikuwa karibu kujipongeza.

Alasiri wakaanza. Koti upande wa maboma ya ng'ombe, Luhende upande wa barabara, hatua arobaini kati yao. Luhende alianza na kaa lake, na watu wakamiminika kwake, maana Koti hakuwa na kitu cha kushindana na moto. Upande wetu ulijaa. Watu wenye fimbo za ng'ombe, akina mama na vikapu vyao, wote macho kodo. Akamwashia mzee kiko, akatupa kaa, akatoa jozi mfukoni.

Akasita. Akaisogeza karibu na uso, kama mtu anayetaka kufuta pua kwa mgongo wa mkono. Kisha akatazama upande niliosimama, kwa muda mfupi tu. Akaendelea.

"Bibi wa kopa," akasema, akainua. Ilikuja moja tu. Tatu ya pau.

Watu wakacheka kwa upole, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Akairudisha, akainua tena, polepole zaidi. Safari hii zilikuja nne au tano, zikafunguka mkononi kama feni na kumwagika vumbini. Mimi nilikuwa nasubiri kidole kidogo kiamke. Hakikuamka. Akajaribu kuzikusanya, na nikaona anavyoziokota: alitazama kila karata kabla ya kuifikia, kisha akatazama tena kama ameshaishika.

Mama mmoja mwenye moyo mzuri akainama kumsaidia. Akamwekea karata mkononi, na hapo ndipo alipoviona vidole vile kwa karibu. Ncha za vidole viwili zilikuwa zimeungua, ngozi imevimba na kupasuka, na damu kidogo imeingia kwenye karata.

"Baba, umeungua," akasema.

"Hapana," akasema Luhende, kwa utulivu kabisa, kwa sababu hakujua.

Yule mama akatazama vidole, akatazama uso wake, nyusi zake, masikio yake. Hakupiga kelele. Alisimama, akafuta mkono wake kwenye kanga, akarudi nyuma. Nikasikia neno likipita kwa watu, likisemwa chini chini kwa Kinyamwezi na kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Ukoma.

Hawakukimbia. Ningependa wangekimbia. Waliondoka mmoja mmoja, bila kusukumana, kama watu wanaotoka kanisani, wakavuka zile hatua arobaini kwenda upande wa Koti. Nilibaki namtazama yule mzee wa kiko. Akakitoa kiko kinywani, akakitazama, akakizima, naye akaenda. Mbele ya Luhende palibaki vumbi na tatu ya pau.

Hapo nikaelewa yote kwa mkupuo. Kaa halikuwa na siri. Vidole vilikuwa na ganzi, na vilikuwa vimeanza zamani. Nta haikuwa uvivu. Mtu asiyesikia ukingo mmoja na kingo mbili alikuwa ametafuta kitu cha kumhesabia, akakipata kwenye mizinga aliyozaliwa nayo, na kwa kitu hicho alikuwa amejificha miaka mitano katika kazi ambayo mtu anayepokea karata lazima auguse mkono wako. Mimi ndiye niliyemvua mbele ya mnada mzima. Nilisikia aibu ambayo mpaka leo naisikia.

Tulirudi Tabora kwa lori la pamba, yeye nyuma juu ya magunia, mimi naye. Wiki ileile alikwenda mwenyewe kambi ya wakoma. Hakupelekwa na mtu.

Na mimi? Nitawaambia, maana mmekula maandazi yangu na mna haki. Nilifanya kazi na Koti. Alinitafuta, akasema, "Njia ni ndefu, Mihayo, na mimi nimechoka kuongea peke yangu." Nikajifunza ya dole gumba. Alikuwa mtu mwema, na hakumtaja Luhende kwa ubaya hata siku moja. Kambini sikwenda. Nilisema nina kazi, nilisema lori hakuna. Ukweli ni kwamba niliogopa ugonjwa na niliogopa macho yake, na sijui ni kipi nilichokiogopa zaidi. Ulipita mwaka mmoja na miezi. Kalunde ndiye aliyefunga chupa ya asali kwenye kitambaa, akaiweka mlangoni, akasema sitakula chakula cha nyumba ile mpaka chupa imefika.

Kambi ilikuwa safi, nyumba zimepangwa, watu wanalima mashamba yao. Mgeni alikaa kwenye benchi upande huu wa njia, mgonjwa upande ule, na hakuna kushikana mikono. Dresa, mfunga vidonda wa kambi, alinieleza hayo kwa adabu. Luhende akaja, kofia ileile. Alikuwa amenenepa kidogo. Dawa zilikuwa zimeusimamisha ugonjwa, akasema, lakini kilichokwenda hakirudi.

Tukauliziana habari za nyumbani, za Kalunde, za mvua. Kisha nikasema, kwa sababu ningekawia kidogo nisingesema kabisa: "Mzee, siku ile ya Ziba karata nilizibadilisha mimi."

"Najua," akasema. "Hazikunukia asali."

Nikakumbuka alivyozisogeza puani. "Sasa kwa nini uliendelea?"

"Watu walikuwa wameshakusanyika," akasema. Kisha akaongeza: "Na nilidhani labda vidole vitakumbuka."

Akasimama, akatoa jozi mfukoni, akapiga mluzi. Wakaja watu kumi, kumi na tano, wakakaa chini. Kumbe pale kambini alikuwa na watu wake. Wengi hawakuwa na hisia vidoleni kama yeye, na wote alikuwa amewafundisha mbeleko ya nta, mpaka wanafanyiana wenyewe kwa wenyewe na kubishana nani fundi. Lakini ilimpasa kila siku kuwafanyia watu walewale wanaoijua. Kwa hiyo alipopata mgeni alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona uwanjani.

"Huyu," akawaambia, "ni mtu wa kazi. Mtazameni atakavyodanganyika."

Akaja mpaka katikati ya njia. Nami nikainuka, nikafika hapo. Akainua: bibi wa kopa, vizuri kabisa. Akarudisha. Akasukuma kwa dole gumba na kunipa karata, nami nikaipokea kifudifudi.

Zilikuwa mbili.

Jua lilikuwa kali na nta ilikuwa imelainika na kushika. Alipomsukuma garasa, bibi alikuja naye. Mimi nilisikia kwa vidole vyangu, kingo mbili, wazi kabisa. Yeye hakusikia kitu. Alikuwa anatabasamu, anawageukia watu wake, anawaambia kwamba bibi sasa ataruka kutoka mkononi mwa mgeni na kurudi nyumbani kwake. Bibi hangeruka popote. Bibi nilikuwa naye mimi. Zilibaki pumzi mbili afunue karata ya juu ya jozi mbele ya watu pekee waliobaki kumtazama, na waone uso wa garasa mwingine.

"Subiri, mzee," nikasema. "Nimefika hapa muda wote huu na sijakuamkia."

Nikapiga goti, nikaushika mkono wake wa kushoto, ule wenye jozi, kwa mikono yangu yote miwili. Nikamsikia dresa nyuma yangu akivuta pumzi. Watu wote walitazama mikono yetu, na walitazama ngozi, hawakutazama karata. "Shikamoo, mzee wangu," nikasema. Chini ya viganja vyangu, kwa kidole kidogo, nikamwachanisha bibi na garasa na kumlaza juu ya jozi.

"Marahaba," akasema Luhende.

Nikarudi nyuma na karata yangu moja. Akaniambia nifunue, nikafunua: garasa. Akafunua ya juu ya jozi na bibi wa kopa alikuwa pale, na wale watu wakapiga makofi kwa mikono waliyokuwa nayo. Akanitazama kwa muda, kisha akatazama vidole vyangu, kisha akaipokea chupa ya asali.

Hiyo ndiyo aina ya nne, ifanywayo na mpokeaji. Mmeniuliza mbeleko ilitoka wapi, na hizo tatu za mwanzo sijui. Ulizeni Ujiji, ulizeni Gujarati. Ya nne najua ilikotoka.